Saa Isiyolipwa: Maneno kwa Wanaouza na Wanaonunua Kazi Mtandaoni

Ndugu zangu, kabla sijaanza naomba mikono. Nani hapa amewahi kuuza kazi yake kupitia soko la mtandaoni, iwe tafsiri, nembo, programu, kuingiza takwimu, chochote? Naona ni zaidi ya nusu ya ukumbi. Haya, shusheni. Nani amewahi kumpa kazi mtu asiyemjua kupitia masoko hayohayo? Wachache, lakini mpo. Na aliyefanya yote mawili? Wanne. Pamoja nami watano. Mimi niliuza kwa miaka kadhaa, kisha nikaanza kununua, na nikagundua kwamba watu wa pande hizi mbili wanalalamikiana juu ya jambo lilelile bila kujijua. Jambo hilo ni saa isiyolipwa. Nimekuja kuizungumzia hiyo tu, na nitaizunguka mpaka mchoke.

Nianze na kazi yangu ya kwanza. Ilikuwa kuandika mazungumzo yaliyorekodiwa: unasikiliza sauti, unaandika kila neno. Rekodi ilikuwa ya dakika 62, watu watatu, mmoja amekaa mbali na kinasa sauti, na feni inanguruma mwanzo hadi mwisho. Malipo yalihesabiwa kwa dakika ya rekodi. Nikapiga hesabu ya haraka haraka, dakika 62 ni saa moja na ushei, nikajiona nimeshatajirika. Jamani, nilimaliza baada ya saa kumi na moja. Kuna sehemu ya sekunde nane ambayo niliirudia hadi leo naweza kuwaigizia hapa. Mzee mmoja alisema ama "hawakulipa" ama "hawakulima", na maana ya mahojiano yote ilining'inia kwenye herufi hiyo moja.

Baadaye nilikuja kujua kwamba hata mtu mzoefu, mwenye kile kikanyagio cha kusimamisha sauti kwa mguu, hutumia kama saa nne kwa kila saa moja ya rekodi safi. Mteja alilijua hilo. Soko lililijua. Asiyejua nilikuwa mimi peke yangu, na ujinga wangu ndio ulioifanya bei ile ionekane nzuri.

Sasa niwarudishe nyuma kidogo, kwa sababu jambo hili lina ukoo. Kulikuwa na mwanauchumi Mwingereza, Ronald Coase. Mwaka 1937 aliuliza swali linaloonekana la kitoto: kama soko ni zuri kiasi hicho, kwa nini makampuni yapo? Kwa nini mwenye kazi asiende sokoni kila asubuhi akakodi karani wa siku hiyo, fundi wa siku hiyo, mhasibu wa siku hiyo, jioni wakaagana? Jibu lake lilikuwa kwamba kulitumia soko kwenyewe ni gharama. Umtafute mtu, umpime, mvutane bei, muandikiane, umfuatilie asikutoroke. Ukijumlisha usumbufu huo wote, mara nyingi ni nafuu kumwajiri mtu akawepo kila siku. Coase alipata tuzo ya Nobel mwaka 1991 na akafariki mwaka 2013 akiwa na umri wa miaka 102. Mwisho wa mwaka huohuo, masoko mawili makubwa ya kazi mtandaoni, Elance na oDesk, yalitangaza kuungana. Mwaka 2015 yakachukua jina mnalolijua, Upwork.

Nayataja haya kwa sababu ahadi ya masoko hayo, tangu Elance ilipoanza mwishoni mwa miaka ya 1990, ilikuwa kuua gharama aliyoisema Coase. Bonyeza hapa, utampata mtu. Nyota zake hizi hapa, usihangaike kumpima. Fedha tunaishika sisi kama amana, usiogope kutapeliwa. Hata oDesk ilizaliwa hivyohivyo: marafiki wawili Wagiriki, mmoja yuko Marekani na mwingine Ugiriki, walitaka kufanya kazi pamoja, wakajenga chombo cha kumwezesha aliye mbali aaminike. Ndimo zilimotoka zile picha za skrini ambazo baadhi yenu mnazichukia, mara sita kila saa, zikimwonyesha mteja kama uko kwenye kazi yake au uko unatazama mpira.

Ahadi ilitimia? Kwa mteja, kwa kiasi kikubwa ndiyo. Lakini gharama ya Coase haikufa, ilihama nyumba tu. Zamani kampuni ndiyo iliyobeba muda wa kutafutana. Iliweka tangazo, ikasoma barua, ikaita watu, ikawalipa hata siku ambazo kazi ilikuwa kidogo. Leo mzigo huo umebebwa na yule anayekesha akiandika maombi kumi na mawili ili apate jibu moja.

Shirika la Kazi la Kimataifa lilichunguza hili. Ripoti yao ya mwaka 2018 iliwahoji watu 3,500 katika nchi 75, wote wanaofanya zile kazi ndogondogo za mtandaoni: kuweka alama kwenye picha, kujibu dodoso, kuandika upya maneno yaliyo kwenye risiti. Kwa kila saa iliyolipwa, mtu alitumia dakika 20 nyingine zisizolipwa, akitafuta kazi, akifanya majaribio, akisubiri. Kwa saa za malipo peke yake, wastani wa kipato ulikuwa dola 4.43 kwa saa. Ukiziingiza zile dakika zisizolipwa, unashuka hadi dola 3.29. Zaidi ya dola moja imeyeyuka kila saa, na hakuna mtu aliyeiba.

Na hizo ni kazi ndogondogo, ambazo hazina maombi marefu. Kwa sisi wa kazi kubwakubwa pengo ni pana zaidi. Ngoja tupige hesabu pamoja, na aliye na simu aingize namba. Kazi ni dola 100. Wewe unajua itakuchukua saa 8. Kichwani mwako unapata dola 12.50 kwa saa, vizuri. Soko linakata asilimia 20, zinabaki 80. Kuzitoa na kuzibadilisha, tuseme dola 4, zinabaki 76. Ili kuipata kazi hiyo moja ulituma maombi kumi na mawili, kila moja dakika 20, hizo ni saa 4. Mazungumzo na mteja kabla hajakupa, saa 1. Marekebisho baada ya kukabidhi, "samahani, kitu kidogo tu," saa 2. Jumla saa 15. Gawanya 76 kwa 15.

Dola 5 na senti kidogo. Naona kuna nyuso zimebadilika. Na naona dada mmoja safu ya tatu amenyoosha mkono niliposema asilimia 20. Nimekuona, dada yangu, swali lako nalijua karibu lote. Nivumilie.

Sikupiga hesabu hiyo ili niwakatishe tamaa. Naishi kwa kazi hizi. Nimeipiga kwa sababu watu wengi hupandisha bei kwa kuangalia wenzao wanatoza ngapi, au hushusha kwa kuogopa, na wote wawili hawajawahi kuandika saa zao. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi nunueni daftari. Nasema daftari la karatasi, la kushonwa. Langu lina safu nne: tarehe, nilichofanya, dakika, na herufi moja, L au B. L ni muda unaolipwa, B ni wa bure. Wiki ya kwanza nilipoanza kuzitenganisha herufi hizo mbili, B zilikuwa nyingi kuliko L. Nilidhani nimekosea kujumlisha. Nikajumlisha tena.

Daftari hilo lilinionyesha mambo mawili ambayo nisingeyajua kwa akili tu. La kwanza, karibu kazi zangu zote nzuri zilitokana na maombi niliyoyaandika katika saa za kwanza baada ya tangazo kuwekwa. Maombi ya usiku wa manane, ambayo nilijisifu nayo kama bidii, yalikuwa kazi ya bure kabisa. La pili, wateja wa kurudi. Mteja wa mara ya tatu hana saa ya B hata moja. Anakuandikia mstari mmoja, "kama ile ya mwezi uliopita, lakini kurasa 14," unaanza. Tangu siku hiyo, mteja wa zamani ananipata kwa bei ileile na ninamshughulikia kwanza, na mgeni analipa zaidi. Watu hufanya kinyume chake: wanamshushia mgeni ili wampate, wanampandishia wa zamani kwa sababu "ameshazoea". Huko ni kumtoza faini mtu anayekuokolea muda.

Sasa niingie kwa dalali. Nalitumia neno hilo makusudi, bila ubaya. Soko la mtandaoni ni dalali, na dalali anastahili chake. Fiverr, iliyoanza mwaka 2010 na jina lake likitokana na bei ya dola tano ya kila huduma wakati huo, hukata asilimia 20 ya mapato ya muuzaji. Upwork imebadilika mara kadhaa: mwaka 2016 iliweka ngazi za asilimia 20, 10 na 5 kulingana na kiasi ulichovuna kwa mteja mmoja, mwaka 2023 ikaweka asilimia 10 kwa wote, na mwaka 2025 ikaleta kiwango kinachobadilika kati ya 0 na 15 kutegemea kazi. Juu ya hapo, tangu 2019 hata kuomba kazi kumekuwa na tiketi zake za kununua. Hapo ndipo mimi hukunja uso. Kamisheni hukatwa ukishapata. Tiketi hulipwa hata ukikosa. Yaani saa yako ya bure imegeuka kutoka kutolipwa hadi kulipia.

Nasikia mtu anasema, "kwa hiyo mhamishe mteja nje ya soko, mlipane wenyewe." Nimefanya hivyo mara moja, nikiwa na haraka ya kuzikwepa hizo asilimia. Mteja alikuwa mcheshi, tulishafanya kazi mbili salama ndani ya soko. Ya tatu akasema tuzungumze kwa barua pepe tu. Nilimtumia faili la mwisho siku ya Ijumaa. Jumatatu anuani yake ilikuwa haipokei barua. Nilikuwa nimekwepa asilimia kumi nikapoteza mia. Na kwa kanuni za masoko mengi, nilikuwa nimevunja mkataba, hivyo hata pa kulalamika sikuwa napo. Asilimia za dalali zinanunua amana. Kwenye kazi ya bei moja iliyokubaliwa tangu mwanzo, fedha huwekwa kabla hujagusa kibodi, na mteja akinyamaza baada ya kukabidhiwa, muda fulani ukipita fedha hutoka zenyewe. Mkiona mteja hajaweka amana, hata akiwa na maneno ya asali, msianze. Hata mstari mmoja.

Kwenu mnaotoa kazi, najua mmekaa mkifurahi kuona wenzenu wakihesabiwa hasara. Zamu yenu.

Siku ya kwanza kuwa mnunuzi nilihitaji kipeperushi. Nikaandika tangazo, naomba niwasomee, nimelihifadhi kama adhabu: "Natafuta mbunifu mahiri wa kunitengenezea kipeperushi cha kisasa na cha kuvutia. Bei nafuu. Kazi nyingine nyingi zinakuja." Mimi, niliyewahi kuteswa na matangazo ya namna hiyo kwa miaka, niliyaandika hayo kwa mkono wangu. Ndani ya saa mbili nilikuwa na maombi 47. Nikasoma sita, nikachoka, nikamchukua wa bei ya chini. Akaleta kipeperushi cha kijani. Nikasema hapana, kiwe tulivu zaidi. Akaleta cha buluu. Nikasema kimepoa mno. Mara ya nne kijana wa watu akaniandikia kwa adabu, "Naomba unionyeshe kimoja unachokipenda, popote pale." Nilikaa mbele ya skrini nikagundua kwamba sikuwa nacho. Nilikuwa namlipa mtu anisaidie kujua ninachotaka, kwa bei ya kunichorea.

Saa nilizozikwepa mimi, za kukaa na kufikiri kabla ya kuandika tangazo, alizilipa yeye, mara nne. Ndiyo maana nikasema tunalalamikiana kwa jambo moja. Mnunuzi analia, "wabunifu wa mtandaoni hawaelewi." Mbunifu analia, "wateja hawajui wanachotaka." Ni saa ileile moja ambayo kila mmoja anamsukumia mwenzake, kama bili mezani ambayo kila mtu anajifanya hajaiona.

Tangazo langu la pili lilichukua jioni nzima. Karatasi ya A5, pande mbili. Maneno yote haya hapa, yameshahakikiwa, hayataongezeka. Vipeperushi vitatu ninavyovipenda, na chini ya kila kimoja sentensi moja ya kwa nini: hiki kwa sababu ya nafasi nyeupe, hiki kwa sababu kichwa kinasomeka ukiwa mbali. Kimoja ninachokichukia, na sababu. Marekebisho mawili, la tatu nitalilipia. Nataka faili la kuchapishia na faili la kuhariri. Siku ya mwisho Alhamisi saa sita mchana kwa saa zako wewe. Na mwisho kabisa: anza ombi lako kwa neno "mshumaa" ili nijue umesoma mpaka hapa.

Nilipata maombi tisa. Manne yalikuwa na mshumaa. Nikawalipa wawili kati yao, kila mmoja kiasi kidogo, watengeneze upande mmoja tu wa karatasi. Nasisitiza, nikawalipa. Kuna wateja wanaoomba "sampuli ya bure kwanza", wakakusanya sampuli ishirini, kazi ikaisha bila kumwajiri mtu. Huo ni wizi uliovaa tai. Jaribio la kulipia hugharimu kidogo na hukuonyesha yale ambayo nyota tano hazionyeshi: mtu anauliza maswali gani, anajibu baada ya muda gani, na anafanyaje ukimwambia hapana.

Nyota zenyewe tuzitazame kidogo. Karibu kila mtu ana nyota nne na point nane na kuendelea. Mteja anaogopa kumharibia mtu riziki, muuzaji anaogopa kulipiziwa, basi wote wanasifiana. Kipimo ambacho kila mtu amefaulu hakimpimi mtu. Mimi sisomi nyota, nasoma maneno ya waliotoa nyota, na hasa natafuta mteja aliyerudi. Na kuna jambo lingine la kuudhi zaidi: wapo wenye akaunti zenye nyota nzuri wanaochukua kazi na kuilangua. Mteja analipa mia, mwenye akaunti anampa mtu wa tatu thelathini, na yule anampa mwingine kumi na tano. Anayeketi chini kuifanya hajawahi kuona maelezo ya awali ya mteja, ameletewa uvumi wake. Wengine hukodi akaunti nzima kwa mwezi. Kijana anayekodi, nakuomba unisikilize: kila saa unayoifanya inamjengea jina mtu mwingine. Siku akiichukua akaunti yake huna hata sampuli unayoweza kusema ni yako.

Kuhusu akili bandia nitasema machache, maana mmeshachoshwa na wanaolizungumzia. Amazon ilipoanzisha soko lake la kazi ndogondogo mwaka 2005 ililiita Mechanical Turk, jina la mashine ya mwaka 1770 iliyotengenezwa na Wolfgang von Kempelen. Watu waliamini mashine ile inacheza sataranji yenyewe, kumbe ndani ya kabati amejikunja mchezaji wa kweli. Amazon haikuficha mzaha huo, ilisema wazi kwamba inauza "akili bandia ya bandia". Na zile picha zilizofundishia kompyuta kutambua vitu, mkusanyiko unaoitwa ImageNet, ziliwekewa alama na karibu watu 50,000 kutoka nchi 167 kupitia soko hilohilo. Kwa hiyo tukisema mashine imekuja kutunyang'anya kazi, tukumbuke kwamba aliyejikunja kabatini alikuwa mwenzetu, na saa zake za B hazikuandikwa popote.

Katika kazi zetu, nilichokiona tangu mwisho wa mwaka 2022, mashine za kuandika zilipowafikia watu wengi, ni kwamba maombi yamekuwa mazuri yote. Hakuna tena ombi lenye makosa ya tahajia. Yote yanaanza kwa kunipongeza kwa mradi wangu wa kusisimua na kuishia kwa kungoja kwa hamu. Kwangu mimi mnunuzi, ombi zuri limepoteza thamani usiku mmoja, kama noti iliyochapishwa kupita kiasi. Unajua anayenisimamisha siku hizi? Anayeniuliza swali. Mmoja aliandika mistari miwili tu: "Ukurasa wa tatu unasema bei ni ya jumla, wa tano unasema ni ya rejareja. Nifuate upi?" Kazi nikampa. Alikuwa amesoma. Mashine ingeweza kusoma pia, najua, lakini alikuwa ameisoma kazi yangu akaniokoa aibu, na hapo sijamlipa hata senti. Nilimlipa baadaye kwa saa hiyo, nikaiongeza kwenye mkataba wa kwanza. Alishangaa. Akanieleza kwamba katika miaka sita hajawahi kulipwa kwa kusoma.

Nimalizie na jambo linalowanyima usingizi wengi humu, kufungiwa akaunti. Yalinikuta. Nitalificha jina la soko, haliongezi kitu. Niliamka asubuhi, nikaingiza neno la siri, nikaambiwa akaunti yangu imesimamishwa kwa "kukiuka kanuni". Kanuni ipi, haikusemwa. Niliandika, nikajibiwa kwa barua inayoanza "Tunaelewa jinsi hali hii inavyoweza kuudhi." Niliandika tena, nikajibiwa kwa barua ileile, nukta kwa nukta. Ndani kulikuwa na fedha za kazi mbili zilizokwisha kukabidhiwa, na wateja watatu waliokuwa wakinisubiri, ambao sikuwa na njia ya kuwaambia niko hai. Siku ya kumi na tisa akaunti ilifunguka. Hakuna maelezo, hakuna samahani. Mteja mmoja alikuwa ameshampata mwingine.

Sheria zimeanza kulitazama jambo hili, polepole. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 agizo kuhusu kazi za majukwaa ya mtandaoni ambalo, pamoja na mengine, linataka uamuzi wa kumfungia mtu akaunti usiachiwe kompyuta peke yake. Nchi wanachama zina hadi Desemba 2026 kuliingiza kwenye sheria zao. Jiji la New York lenyewe, tangu mwaka 2017, linataka kazi ya frilansa, yaani mtu anayeuza kazi yake bila kuajiriwa, yenye thamani ya dola 800 na zaidi iwe na mkataba wa maandishi, na kama mkataba hautaji siku ya malipo, alipwe ndani ya siku 30 baada ya kumaliza. Ni mambo mazuri, lakini wengi wenu hamko chini ya sheria hizo, na mteja wako huenda yuko bara jingine. Mpaka hapo mlinzi wako ni mazoea yako. Nilichojifunza katika siku zile kumi na tisa ni cha kizamani sana: kila kazi iliyokwisha nakili faili zake kwako, nakili mazungumzo, nakili alichosema mteja juu yako. Toa fedha zako kila zinapoiva, usizilaze huko kama kibubu. Na usiwe na soko moja tu. Mimi nina mawili, na wateja kadhaa niliowapata bila soko lolote, kwa kutambulishwa na mtu aliyeridhika, njia ile waliyoitumia mafundi kabla intaneti haijazaliwa.

Wakati nikijiandaa kuja hapa nililipekua lile daftari la kwanza, nikalitafuta jina la yule mteja wa dakika 62. Lipo, ukurasa wa mwanzo, pembeni nimeandika "saa 11" na nimelipigia mstari mara mbili mpaka karatasi ikatoboka. Lakini hapo nilikuwa nimeweka herufi L zote. Sikuwa nimejua bado kutofautisha. Jana usiku nilichukua kalamu nikarekebisha: saa nne L, saba B.

Kwa njia, lilikuwa "hawakulipa". Nilimuuliza mteja.

Nimeambiwa tuna dakika kumi na tano za maswali. Dada wa safu ya tatu, mkono wako umesubiri tangu kwenye zile asilimia 20. Tuanze na wewe, mpeni kipaza sauti.